Usimfukuze Mwenzako

Jumanne, 2 Julai

Mbio za baiskeli za mazoezi, kama kila Jumanne, kule kwenye maghala. Upepo wa baharini umetupiga usoni toka mwanzo hadi mwisho — hauna adabu upepo wa huku. Lakini tumeshinda! Saar kavuta nusu mzunguko, mimi nikapokea kwenye kona ya kiwanda cha mbao, nikavuta mpaka naona vimulimuli, nikajitoa pembeni, na Wieke akachomoka kutoka nyuma yangu. Nilipoinua kichwa mdogo wangu kashapita mstari, mikono juu, anacheka.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi natangulia kumkinga, nakula upepo, Wieke anakula ushindi. Watu wakiniuliza kama sichoki nawaambia anayepanga vitunguu kiwandani kutwa nzima hachoshwi na kitu. Saar anasema siri ya timu yetu ni harufu yangu, wapinzani hawathubutu kusogea.

Leo lakini Wieke hakurudi kutupigia kelele. Nikamfuata. Nimemkuta amekaa ukingoni mwa barabara nyuma ya lori, uso mweupe kama unga, mkono kifuani. Nikamuuliza, wee vipi? Akasema joto. Joto gani, na mimi nimevaa mikono mirefu! Ndipo akaninong'oneza: moyo umeruka kidogo, halafu ukaenda mbio wenyewe, sasa umetulia. Nikauliza imewahi kutokea kabla? Akajifanya anafunga kiatu. Nikataka kumshika kifundo cha mkono nisikie mapigo — akauvuta kama nimemuunguza.

"Usinishike, Dada. Na usimwambie mtu. Hasa Mama."

Nimeahidi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 4 Julai

Siwazi kingine. Vitunguu vinapita mbele yangu kwenye mkanda na mimi namwona Baba. Alikuwa juu ya ngazi, anachuma mapea, anapiga mluzi. Halafu mluzi ukakatika. Hakuwa mzee wala mgonjwa. Daktari alisema ni moyo, na habari ikaishia hapo. Nyumbani kwetu hakuna aliyeitaja tena. Wieke alikuwa mdogo mno, anachokumbuka ni ngazi tu.

Mimi nakumbuka mluzi.

Jumamosi, 6 Julai

Mbio za Hoekenskerke. Kijiji kidogo, kona kali, matofali ya barabara yametanuka kwa jua. Tumeshinda tena! Kocha Krijn kaimba njia nzima ndani ya gari lake — tangu auze ng'ombe zake hana wa kuwaimbia isipokuwa sisi. Wieke kapewa maua na soseji ndefu kama mkono wangu.

Hayo ndiyo waliyoyaona wao. Niliyoyaona mimi: baada ya mstari alipinda uchochoroni, akajitupa juu ya marobota ya majani yale wanayopanga konani. Alikuwa anahema lakini si ule uhemaji wa mbio, naujua uhemaji wake tangu akiwa kitandani pembeni yangu. Midomo imebadilika rangi. Nikasema naita watu wa huduma ya kwanza. Akasema nikiwaita hatanisamehe. Nikabaki nimesimama kama gogo. Basi ikapita. Akaomba maji, akajifuta, akaenda kupanda jukwaani anatabasamu.

Soseji nimebaki nimeishika mimi.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani. Mama katikati yetu, peremende yake ya mnanaa mdomoni kama kila mahubiri. Nilitamani kumwambia palepale. Nikamwangalia Wieke, akanikazia macho kwa juu ya kofia ya Mama.

Nimeimba. Sijui nimeimba nini.

Jumatano, 10 Julai

Tumegombana. Ugomvi kweli, si wa kuchokozana.

Nimemfuata kazini kwake, supamaketi, saa ya mapumziko. Tumekaa nyuma kwenye makreti matupu. Nimemwambia nenda kwa daktari kesho, nitakusindikiza, hata Mama hatajua. Akasema atakwenda, kwani amekataa? Atakwenda baada ya tarehe ishirini na saba.

Tarehe ishirini na saba ni mbio za kwetu Noordermaat, Jumamosi ya gulio la kiangazi. Na safari hii anakuja Bi Hanneke, yule wa timu ya kulipwa. Kocha Krijn kampigia simu mwaka mzima mpaka mama wa watu kachoka, kakubali. Nafasi ni moja. Anatafuta msichana wa kumalizia, mwenye mbio za mwisho. Yaani Wieke. Hakuna mwingine mkoa mzima, hilo hata wa njano, wapinzani wetu, wanalijua.

"Daktari akiniwekea zile waya kifuani akaona kitu, leseni yangu imekwenda," anasema. "Nitakaa kwenye mashine ya kulipia, nipitishe maziwa ya watu mpaka nizeeke. Unataka hivyo?"

Nikamwambia nataka uzeeke, ndiyo.

Hapo akanywea kidogo. Nikadhani nimempata. Kumbe ndio nimemkasirisha. Alisema nikifungua mdomo kwa Krijn au kwa Mama, basi mimi si dada yake, aliyewahi kuwa na dada ni mtu mwingine. Kisha kengele ikalia, akafunga aproni, akarudi kwenye mashine.

Naogopa. Nimeogopa kweli, si utani. Na hasira ninazo. Kwani moyo huo ni wake peke yake?

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda kwa Kocha Krijn nimejikaza kumwambia yote. Nimerudi sijasema kitu.

Kikao cha timu jikoni kwake. Tulikuwa wanne, Wieke na Saar na Tonnie na mimi, na keki ya tufaha, na mkewe anazunguka na kahawa. Krijn kapanga mbio mezani: kopo la haradali ni Wieke, chupa ya chumvi ni mimi, Saar na Tonnie vizibo vya bia. Wapinzani ni vijiko. Akasogeza vijiko, akasogeza chumvi, haradali ikapita katikati ikashinda. Kila mara haradali inashinda.

"Jorien," ananiambia, "wewe huna mbio nyingine siku hiyo. Hufukuzi mtu, hugombei zawadi za katikati ya mbio kengele ikilia, hata likitajwa jibini. Unakaa mbele ya Wieke kama mlango. Ukifunguka ni mita mia mbili za mwisho. Umenisikia?"

Nikasema na kama Wieke siku hiyo hajisikii vizuri? Wieke chini ya meza kanikanyaga kwa nguvu zote. Krijn akacheka.

"Wieke? Huyu ana mapafu ya ng'ombe!"

Nikala keki.

Halafu mzee akatoa hotuba yake, ileile ya kila mwaka, mkono unagonga meza mpaka chumvi (mimi) ikaanguka. Kwake mtu aweza kuchelewa mazoezi, aweza kulewa gulioni, aweza hata kuvaa soksi za kijani. Kosa ni moja tu. Mwenzako wa timu akishatoroka kundi, yuko mbele, hata kama hakupaswa kuwa huko, hata kama ni mwehu — humfukuzi. Unakaa. Unawachelewesha wengine. Atakayemfukuza mwenzake asiingie tena kwenye gari la Krijn, atembee kwa miguu.

Tonnie akajibu "Amina", tukacheka wote. Mimi pia.

Alhamisi, 18 Julai

Nimepata wazo. Limenijia kazini, mkono ukasimama, vitunguu vibovu vikapita, msimamizi akanipigia ukelele.

Ni hivi. Kama Wieke hawezi kunifukuza — basi nitoroke mimi! Mapema, si mwishoni. Niondoke na nibaki huko mbele. Saar na Tonnie watakaa mbele ya kundi kulizuia, ndiyo kazi yao. Na Wieke itabidi akae katikati ya kundi, kwenye kivuli cha upepo, miguu inazunguka kama anakwenda dukani. Asivute, asikimbie mbio za mwisho za kufa kupona. Moyo utulie. Sheria ya Krijn itamshika mkono ambao mimi hataki niushike.

Na Bi Hanneke hataona kitu. Ataona mdada wa miaka thelathini na moja anahangaika mbele, ataandika sifuri, atarudi kwao. Nafasi itapita. Hapo tena Wieke hatakuwa na sababu ya kungoja daktari.

Ni kumwibia. Najua. Niuite wizi basi.

Ijumaa, 19 Julai

Sijalala vizuri. Kitu kinanitafuna: na kama ni wivu?

Nilipokuwa na umri wake nilikuwa nashinda na mimi. Hakuna aliyekuja kunitazama. Hakukuwa na Bi Hanneke. Kulikuwa na Krijn, na ng'ombe zake, na mvua. Halafu Wieke akakua, siku moja akanipita kwenye daraja akicheka, na tangu siku hiyo mimi ni mlango.

Nimejiuliza mbele ya kioo. Jorien, unamwokoa au unamkomoa? Uso haukujibu. Uso umevimba tu kwa usingizi.

Jumapili, 21 Julai

Wieke kanunua soksi mpya nyeupe kwa ajili ya Jumamosi. Kaziweka juu ya kabati kama vyombo vya mgeni. Leo hakuna mtu anayetoa hata baiskeli nje, Jumapili huku hata mashine ya kukata nyasi inanyamaza, basi kashinda ndani ananifuatafuata. Amesahau tumegombana. Au amenisamehe. Kanisuka nywele! Tangu lini?

"Dada, ukinifikisha pale kwa mwokaji mikate tu, pale mbele hakuna anayeniweza. Na nikichukuliwa, wa kwanza kupewa jezi yangu ni wewe."

Nikamuuliza moyo vipi. Akasema wiki nzima umelala kama paka. Nusura nimwamini.

Mama alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama. "Moyo gani?" Wieke akasema moyo wa kushindana, Mama, wa mbio. Mama akaendelea kumenya. Lakini polepole.

Ijumaa, 26 Julai

Kijiji kizima kinanuka mafuta ya kukaangia maandazi. Marobota ya majani yamepangwa konani. Watoto wanayarukia. Kwa mwokaji wameandika jina la Wieke dirishani kwa sukari nyeupe.

Nimemwomba mara ya mwisho. Nimempigia magoti, kweli, sakafuni, anafunga gurudumu lake. Nimesema: shuka hata njiani, sema umepata pancha, Bi Hanneke atakuja tena. Akanipa mgongo.

Basi.

Jumamosi, 27 Julai

Naandika nikiwa shule ya msingi, darasa walilotupatia la kubadilishia nguo. Viti vidogo vya watoto, magoti yangu yanagusa kidevu. Wengine wote wako kwenye hema la bia, bendi inapiga. Siwezi kutoka nje. Wieke yupo hapa pia, kule mwisho, kakaa kaelekea ukuta wenye picha za wanyama. Bado amevaa jezi. Soksi nyeupe zina matope.

Nitaandika yote, nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Mizunguko arobaini. Kanisani, mtaa wa mfereji kwenda, daraja dogo, mtaa wa mfereji kurudi, kwa mwokaji, mstari. Pale mferejini aliye mbele na aliye nyuma wanaonana, maji tu katikati. Watu wamejaa mpaka madirishani. Bi Hanneke kakaa karibu na mtangazaji juu ya tela la trekta, miwani ya jua, kahawa mkononi. Mwanamke wa kawaida kabisa. Sijui nilitegemea nini.

Mwanzo nilikuwa mlango, kama nilivyoagizwa. Wieke nyuma yangu, nilimsikia anaimba kwa pua. Anaimba! Nilitaka kuacha wazo lote. Nilisema labda leo haitatokea, labda mimi ndiye mgonjwa, wa kichwa. Halafu kona ya tatu ya mzunguko sijui wa ngapi kuimba kukakatika. Nikageuka. Alikuwa anajikandamiza kifua kwa ngumi, upande wa kushoto, haraka, kama mtu anayeua mbu. Akaniona nimemwona. Akatabasamu.

Hapo nikaamua.

Kengele ikalia, zawadi ya katikati: jibini zima kutoka kwa muuza nyama. Watu wakalifukuza jibini. Na kila anayezijua mbio hizi anajua, zawadi ikishachukuliwa kundi zima hushusha pumzi. Mmoja anakunywa maji, mwingine anauliza nani kapata. Ndipo pa kuondokea. Nikaondoka.

Rosalinde wa njano peke yake ndiye aliyewahi kunishika. Mjanja huyo, hakuuliza, akapokezana nami upepo mmoja kwa mmoja. Nyuma Saar na Tonnie wakafanya kazi yao bila kuambiwa, Mungu awabariki: wakakaa mbele ya kundi, wakawa wanaingia konani polepole kama vikongwe waliobeba mayai, kila mtu nyuma yao anashika breki na kutukana.

Krijn alikuwa kwenye kona ya kanisa. Mara ya kwanza nilipopita: "Unafanya nini wewe? Rudi! Rudi mlangoni!" Mara ya pili alikuwa amekuwa mwekundu, hana sauti. Mara ya tatu hakuniangalia mimi, alikuwa analipigia kelele kundi: "Tulieni! Tulieni nyuma!" Maskini mzee. Sheria yake mwenyewe imemfunga.

Na Wieke nilimwona ng'ambo ya mfereji kila mzunguko. Mwanzo alikuwa anashangaa. Baadaye alikuwa ananikodolea macho, akijiuliza. Halafu ikafika mara moja akawa haniangalii tena, anatazama mbele, mdomo umebana. Nikajua kaelewa. Si kama wengine wanavyoelewa, kwamba Jorien leo kajitafutia jina. Yeye kaelewa hasa kwa nini.

Sikujali. Nilisema kasirika, kasirika ukiwa hai. Nilivuta. Sijawahi kuendesha hivyo maishani mwangu. Aibu kuandika, lakini nilifurahi pia. Watu wakaita jina langu! Yule mwokaji kagonga sufuria kwa mwiko, "Jorien! Jorien!", chini ya dirisha lenye jina la Wieke. Kwa muda mfupi nilisahau kwa nini niko mbele. Hilo nalo niliandike.

Imebaki mizunguko mitano, mtangazaji akabadilika sauti. Kuna mtu kachomoka kundini, anakuja peke yake. Jezi ya bluu! Jamani, jezi ya bluu, mwenzao! Anamfukuza mwenzake! Nikasikia watu wanacheka, kisha wanazomea. Kwetu huku hata bibi wa kanisani anajua hilo halifanywi.

Rosalinde kageuka, akaniuliza, huyo si wenu?

Nikaangalia ng'ambo ya maji. Wieke kalala juu ya usukani, peke yake, upepo wote ni wake. Hakuna wa kumkinga. Nilikuwa nimemtoa kivulini mwenyewe kwa mkono wangu. Nikiongeza mwendo ataongeza. Nikiendelea vilevile atajiua kunifikia. Nilichokipanga wiki nzima ili asikimbie ndicho kilichomkimbiza kuliko mbio zote za mwisho alizowahi kukimbia!

Nikaacha kukanyaga. Miguu ikasimama tu. Rosalinde akaenda zake, sikumtazama. Krijn nilimsikia kanisani kule akilia kama ndama.

Wieke akanifikia darajani. Nilidhani atanitukana. Hakuwa na pumzi ya tusi. Alisema maneno mawili:

"Nivute, Dada."

Bado alikuwa anataka! Rosalinde yupo pale, mbele kidogo, mchovu. Sisi wawili tungempata. Ningekula upepo mpaka kwa mwokaji, yeye akamalizia, Bi Hanneke angesimama juu ya tela. Miguu ilikuwepo. Niliitazama midomo yake. Rangi ileile ya Hoekenskerke.

Sikumvuta.

Nilienda ubavuni kwake, polepole, mkono wangu karibu na mgongo wake bila kuugusa. Nikasema tulia, tulia, tulia. Akalia kwa hasira. Kundi likatufikia likatupita kama maji. Saar alipopita aliuliza, nyie mmerogwa? Rosalinde kashinda. Sisi tumeingia mwisho kabisa, tumeongozana, na watu walikuwa wameshageuka kwenda kwenye bia.

Krijn hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoa baiskeli ya Wieke ya akiba na mkoba wake ndani ya gari, akaviweka chini taratibu, akafunga mlango. Wieke alivitazama kama havimhusu. Nikasema Kocha, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeondoka. Akasema, "Wewe umefanya upumbavu. Yeye kamfukuza mwenzake." Kisha akaanza kulia, mzee mzima, akaenda kusimama nyuma ya gari.

Bi Hanneke alikuja mwenyewe, hilo namheshimu. Alizungumza na Krijn mbele yetu, hakuficha. Msichana ana miguu, alisema, hajaona miguu kama ile mwaka huu. Lakini kwake mtu huchukuliwa ili aifanyie timu kazi, na anayemfukuza dada yake mbele ya kijiji kizima atamfukuza na yeyote. Hapana. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza nina umri gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Laiti ningekuona zamani," akasema.

Zamani! Ningemmwagia kahawa yake.

Sasa ndiyo hivyo. Nafasi imekwenda, jina limekwenda, na wote huko hemani wanaongea habari za mdogo wangu kama mtoto mwenye roho mbaya. Na hawezi kujitetea bila kusema, na mimi siwezi kumtetea bila kusema. Nilitaka apoteze mbio moja. Nimempotezea kila kitu, na kukimbia kakimbia.

Wieke amesimama.

Amekuja. Kavuta kiti cha mtoto, kakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Nikataka kuweka kalamu. Akasema, "Andika hivyohivyo. Usiniangalie usoni." Sauti ndogo.

Halafu akaweka mkono wake juu ya meza, kiganja juu.

"Haujaacha kwenda mbio," akasema. "Tangu darajani. Haujaacha, Dada. Shika."

Nimeushika. Mkono wangu wa kushoto uko kwake, wa kulia unaandika. Ni wa baridi, una jasho. Nilikuwa natafuta mahali penyewe pa mapigo, sikujua ni wapi, akanisogezea vidole mwenyewe.

Mlango umefunguka. Mama. Ana kikapu chake, mkate wa zabibu juu, ametuletea chakula. Alikuwa amekunja uso, nadhani alikuja kutugombeza. Ametuona. Ametazama mkono, ametazama vidole vyangu. Ameweka kikapu chini sakafuni.

"Baba yenu," anasema. "Alikuwa haniachii nimshike hapo."

Wieke hajautoa mkono. Unapiga. Unapiga. Unakimbia, unakimbia kama hautujui. Umeruka. Mama anavua koti lake, anamfunika nalo, ananiambia Jorien, gari, hospitali, lakini siwezi kuachia, nikiachia — unapiga. Unapiga. Una